Risasi Mlangoni: Mbwa wa Nyumba na Hasira za Wamarekani

Na Mwandishi Wetu

Mwambie mzee wa Mombasa au wa Lamu, aliyekaa barazani baada ya swala ya alasiri, kwamba iko nchi ambayo watu wake huandamana, huishtaki serikali na hutunga sheria mpya kwa sababu askari polisi wamempiga mbwa risasi. Kwanza atacheka. Kisha atauliza, "Mbwa, mwanangu, au umekusudia mtu?"

Si kwamba mzee huyo hana huruma. Kwetu sisi watu wa pwani mbwa hana cheo. Tukitaka kumtukana mtu tusi la kumchoma tunamwita jina lake. Akipita karibu na kanzu ya Ijumaa tunakusanya pindo. Paka hulala mkekani, akapewa na kichwa cha samaki, lakini mbwa hata uani hakaribishwi. Basi habari ya Wamarekani kumlilia mbwa kama aliyefiwa na ndugu inatujia kama kichekesho cha matajiri wasio na la kufanya.

Hata hivyo jambo hili limewaudhi Wamarekani kwa zaidi ya miaka ishirini, na ukilitazama kwa utulivu utaona lina sehemu inayotuhusu sana. Sehemu hiyo ni mlango wa nyumba.

Tuanze na kisa kilichovuma kuliko vyote. Katika jimbo la Maryland, karibu na jiji kuu la Washington, uko mji mdogo uitwao Berwyn Heights. Mwaka 2008 meya wa mji huo alikuwa Cheye Calvo. Aliishi na mkewe, mama mkwe wake, na mbwa wawili weusi wa jamii ya Labrador, majina yao Payton na Chase. Labrador ni mbwa mpole. Huko ndiye anayependwa na wenye watoto wadogo.

Mnamo Julai 29 mwaka huo kililetwa kifurushi nyumbani kwa meya, kimeandikwa jina la mkewe. Mama mkwe hakukijua, akamwambia aliyekileta akiache hapo nje. Aliyekileta hakuwa mtu wa posta wala wa kampuni ya mizigo. Alikuwa askari aliyejigeuza. Ndani ya kifurushi mlikuwa na bangi, kadiri ya kilo 14, nao polisi walikwisha kuigundua ikiwa njiani. Meya alikuwa ametoka kuwatembeza mbwa wake. Aliporudi alikiona kifurushi, akakiingiza ndani, akapanda juu kubadili nguo kwa sababu alikuwa na mkutano jioni ile. Mama mkwe alikuwa jikoni anapika mchuzi.

Kupitia dirishani mama huyo akaona watu waliojifunika nyuso wanaijia nyumba mbio na bunduki mikononi. Akapiga ukelele, kama atakavyopiga mama wa watu yeyote duniani. Ukelele huo ndio uliokuja kutajwa baadaye kuwa sababu ya kuuvunja mlango: ati ungewagutusha waliomo ndani wakapata nafasi ya kuharibu ushahidi au kujitayarisha kupigana. Mlango ukavunjwa. Payton akapigwa risasi akafa. Chase akakimbia, naye akapigwa hali akikimbia. Meya akateremshwa ngazi kinyumenyume, mikono juu, amevaa nguo ya ndani tu, akapigishwa magoti na kutiwa pingu. Mama mkwe naye akafungwa mikono na kulazwa sakafuni. Wakakaa hivyo muda mrefu, huku askari wakipita chumba hata chumba na kuieneza damu ya mbwa kwa viatu vyao.

Kumbe watu wale hawakuwa na hatia yoyote. Walanguzi wa bangi walikuwa na ujanja wao: hupeleka mzigo kwa anwani ya mtu asiyejua chochote, kisha mwenzao huenda kuuchukua mlangoni kabla mwenye nyumba hajarudi. Polisi wa wilaya ya Prince George's hawakufanya hata uchunguzi mdogo wa kujua nyumba ile ni ya nani, wala hawakuwaarifu polisi wa mji wenyewe, ambao wangewaambia mara moja kwamba hapo ndipo kwa meya. Mwezi uliofuata meya na mkewe wakatakaswa na tuhuma zote. Lakini wakuu wa askari wale wakashikilia kwamba vijana wao walifanya kazi yao kama ipasavyo.

Neno hilo la mwisho ndilo lililowasha moto. Kosa la anwani watu wangeweza kulisamehe, maana kila binadamu hukosa. Ila kuambiwa kwamba hapakuwa na kosa, kwamba kuvunja mlango wa watu wasio na hatia na kuwaua mbwa wao wawili ndiyo kazi yenyewe inavyofanywa, hilo liliwashinda wengi kulimeza. Na tuseme kweli: ilihitajika mlango wa meya, mwanasiasa Mzungu mwenye sauti, uvunjwe, ndipo magazeti makubwa yakaandika kwa kirefu habari ambayo katika mitaa ya masikini na ya watu weusi ilikuwa ya zamani.

Visa vingine ni vingi. Siku ya Januari 1, 2003, jamaa moja walikuwa wakirudi kwao North Carolina kutoka Nashville, katika jimbo la Tennessee. Baba alikuwa amesahau pochi juu ya paa la gari kwenye kituo cha petroli. Gari lilipoondoka pesa zikapeperuka barabarani, mtu akaona, akapiga simu. Polisi wakadhani ni wezi wanaokimbia na mali. Karibu na mji wa Cookeville gari likasimamishwa. Baba, mama na kijana wao wakapigishwa magoti kando ya barabara na kufungwa pingu. Wakawasihi askari waifunge milango ya gari kwa sababu mna mbwa ndani. Hakuna aliyeifunga. Mbwa wao, Patton, akaruka nje akamwendea askari mmoja, na askari akamfyatulia bunduki mbele ya macho yao. Kamera iliyokuwa ndani ya gari la polisi ikayanasa yote, na nchi nzima ikaona kwenye televisheni.

Huko Salt Lake City, Juni 2014, mtoto wa miaka mitatu alipotea. Askari waliokuwa wakimtafuta wakapita nyumba kwa nyumba, na mmoja wao akaingia katika ua uliozungushiwa uzio, mwenyewe hayupo. Mlikuwa na mbwa aitwaye Geist. Mbwa akafanya kazi ambayo mbwa amepewa tangu zamani, yaani kumkabili mgeni asiyebisha hodi. Akauawa. Mtoto alikuja kuonekana nyumbani kwao, amelala. Msomaji hapa atapima mwenyewe, maana kutafuta mtoto aliyepotea ni jambo kubwa kuliko mbwa, na hakuna mwenye akili atakayebisha. Lakini aliyekufa alikuwa ndani ya ua wake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 30, 2013, huko Hawthorne katika jimbo la California, mtu mmoja mweusi alikuwa akipiga picha za polisi wakiwa kazini. Alipoona askari wawili wanamjia alimtia mbwa wake garini, akageuka na kuweka mikono mgongoni ili afungwe pingu bila fujo. Mbwa akaruka kupitia dirishani kumfuata bwana wake. Akapigwa risasi mara nne. Picha zake zilitazamwa na mamilioni ya watu, na mji mdogo ambao wengi hawakuwahi kuusikia ukaandamwa kwa malalamiko kutoka kila pembe.

Utetezi wa polisi si wa kupuuzwa moja kwa moja. Wanasema askari anaingia mahali asipopajua, roho yake mkononi, na hana nafasi ya kumsoma mbwa kama yu mkali au mpole. Wanasema pia kwamba walanguzi wengine hufuga mbwa wakali makusudi ili wawazuie polisi, na hilo ni kweli. Mbwa mkubwa akikuvaa kooni hutapata nafasi ya kumuuliza nia yake.

Ila wananchi wa huko wana jibu zuri. Wanauliza: mbona watu wa posta hawaui mbwa? Kila siku ya Mungu wapeleka barua wa Marekani hupita katika nyua za watu, na kila mwaka zaidi ya 5,000 kati yao hushambuliwa na mbwa. Nao hutembea na kichupa cha dawa ya kupulizia, na mkoba wa barua wa kujikinga, na mafunzo waliyopewa ya namna ya kumtambua mbwa na namna ya kurudi nyuma bila kukimbia. Wasoma mita wa umeme ni vivyo hivyo. Kama mpeleka barua asiye na bunduki anaweza kufundishwa kumtazama mbwa, askari atashindwaje?

Mahakama zao zimelizungusha suala hili kwa njia ambayo mwanafunzi wa fikihi ataipenda. Katiba ya Marekani, katika marekebisho yake ya nne, inamlinda raia dhidi ya upekuzi na unyang'anyi usio na sababu: nafsi yake, nyumba yake, karatasi zake na vitu vyake. Mbwa amewekwa katika fungu la vitu. Ni mali. Kwa hiyo askari akimuua bila sababu ya haki amemnyang'anya raia mali yake. Mwaka 2005 mahakama ya rufani ya huko magharibi iliamua kesi ya mji wa San Jose, ambako polisi waliopekua nyumba za wanachama wa kundi la waendesha pikipiki, mwaka 1998, waliua mbwa kadhaa. Mahakama ikasema askari walijua kwa muda wa wiki nzima kwamba mbwa wamo, na hawakuwa na mpango mwingine wowote ila risasi. Basi hawana udhuru. Lakini mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufani, katika kesi ya mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan, iliwapa haki askari walioua mbwa wawili katika upekuzi, ikikubali maneno yao kwamba mbwa wale walikuwa hatari. Wenye mbwa wakasoma hukumu ile wakaona mlango umefunguliwa upana kupita kiasi, maana askari akishasema mbwa alisogea, ni nani atakayesimama kumkanusha?

Sasa tuje kwetu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo wengi wetu katika mwambao huu, mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa mchanga. Hauzwi, wala aliyemuua hatozwi thamani yake, kwa kuwa sheria haimhesabu kuwa mali yenye bei. Akija mwenye pupa akasikia hayo atasema: basi imekwisha, polisi wa Marekani hawana kosa, wameondoa uchafu tu.

Pupa hiyo imemkosesha elimu. Najisi ni hukumu ya tohara. Inakuambia ufanye nini na nguo yako kabla ya kuswali. Haikuambii umfanye nini mnyama. Hata damu yako mwenyewe ni najisi ikitoka, na hakuna aliyekuchukia kwa ajili yake. Wenzetu wa madhehebu ya Imam Malik wanamwona mbwa kuwa tahiri, na ni Waislamu kama sisi.

Ni kweli zimepokewa katika Sahihi Muslim habari za kuamrishwa kuuawa mbwa wa Madina, kisha amri ile ikaondolewa, ikabaki ruhusa ya mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Wako wanazuoni waliombagua mbwa mweusi tititi, na mjadala wake ni mrefu. Lakini mbwa wa kazi, mwenye manufaa kwa bwana wake, haijuzu kumuua, na anayeruhusiwa kuuawa ni yule mkali mwenye kuuma watu. Nyama aliyoishika mbwa aliyefundishwa kuwinda imehalalishwa katika Sura ya Al-Maida. Na ni nani asiyeijua hadithi, iliyo katika Sahihi Bukhari na Muslim, ya mtu aliyemwona mbwa anahema kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji katika khofu yake, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake? Watoto wetu huisikia chuoni. Sijui kwa nini wakikua wengine hurudi kuwapiga mbwa mawe.

Kisha kuna mbwa wa Watu wa Pangoni. Katika Sura ya Al-Kahf anatajwa pamoja na vijana wale waliolala miaka mingi, na ametajwa mahali pake: amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Hakuingia ndani, hakwenda mbali. Alikaa pale ambapo hata leo mbwa hukaa, baina ya wenyewe na wageni. Payton alikuwa hapo. Geist alikuwa hapo.

Kizingiti ndilo suala lenyewe. Sisi Waswahili tumelelewa kwa hodi. Mtoto hafundishwi kusoma kabla ya kufundishwa kupiga hodi, na akiingia kwa jirani kimya kimya hurudishwa nje aanze upya. Hili halikuanzia kwetu. Sura ya An-Nur, aya ya 27, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na wawasalimu wenyewe. Hadithi ikaongeza mpaka: mara tatu, usipojibiwa urudi. Abu Musa al-Ash'ari alipiga hodi mara tatu kwa Sayyidna Umar, naye Umar wakati huo ndiye mtawala, hakujibiwa, akaondoka zake. Alipoulizwa na Umar kwa nini ameondoka, akamtolea hadithi hiyo, na Umar akamtaka shahidi wa kuithibitisha. Sheria ya mlango ilikuwa nzito kiasi hicho hata kwa wakubwa.

Imam Ghazali katika Ihyaa amesimulia kisa kingine cha Umar, ambacho si hadithi ya Mtume lakini mafunzo yake yamezungumzwa sana. Usiku mmoja Umar aliparamia ukuta wa nyumba ya mtu, akamkuta katika maasi, akamkemea. Mtu yule akamjibu: mimi nimemuasi Mungu kwa jambo moja, wewe kwa matatu, umepeleleza, na upelelezi umekatazwa, umeingia kwa ukuta, na nyumba huingiwa kwa milango yake, umeingia bila idhini wala salamu. Umar akamwacha. Ukikisoma kisa hicho baada ya kusoma habari za Berwyn Heights utadhani vimeandikwa kwa ajili ya kukaa pamoja, ingawa huyu wa kwanza alikuwa na hatia na meya hakuwa nayo.

Kuna pingamizi moja ambalo haifai kulipita, na wanaolitoa zaidi ni Wamarekani weusi. Wanasema: akiuawa mbwa, nchi nzima hulia; akiuawa kijana mweusi, watu huuliza alikuwa amefanya nini. Pingamizi hilo lina uzito, na mtu wa haki hawezi kulikana. Machi 13, 2020, huko Louisville, jimbo la Kentucky, polisi walivunja mlango usiku wa manane, na Breonna Taylor, mwanamke mweusi wa miaka 26, akauawa kwa risasi ndani ya nyumba yake. Aliyekuwa akitafutwa na polisi hakuwamo. Hakuna mbwa wa kulinganishwa naye. Lakini tazama namna mlango wake ulivyoingiwa na namna mlango wa meya ulivyoingiwa, miaka kumi na miwili kabla, utaona ni mazoea yaleyale. Waliopiga kelele mwaka 2008 kwa ajili ya Payton na Chase walikuwa wakionya juu ya mkono uleule, na wengi waliwacheka.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kuyajua maumivu haya. Februari 2, 2014, polisi waliuvamia Msikiti Musa hapa Majengo, Mombasa. Serikali ilisema humo walikuwa wakikutana vijana wenye itikadi kali. Watu walikufa, na zaidi ya mia walikamatwa. Lakini muulize leo aliyekuwa Majengo siku zile: baada ya vifo, jambo atakalokutajia kwanza ni viatu. Askari walikanyaga mazulia ya swala kwa viatu. Mtu asiyekuwa Mwislamu huenda akashangaa kwamba katika msiba ule mtu akumbuke viatu, kama sisi tunavyoshangaa kwamba Mmarekani akumbuke mbwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inamlinda kila mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake ovyo. Maneno hayo yanafanana sana na yale ya Wamarekani.

Hasira za huko zilizaa matunda kiasi. Mwaka 2013 jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya kuwalazimisha askari wafundishwe kuwatambua mbwa na kutumia njia nyingine kabla ya risasi, baada ya mbwa aitwaye Chloe kuuawa mwaka 2012 huko Commerce City, naye amekwisha kukamatwa kwa mti wenye kitanzi. Mwaka 2015 Texas nayo ikaweka mafunzo hayo katika sheria. Huko Maryland, Meya Calvo hakutaka fidia peke yake. Aliishtaki wilaya, wakapatana mwaka 2011, na mapatano yakabeba masharti ya kurekebisha mwenendo wa vikosi.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, alikuwa amewashawishi wabunge wa jimbo watunge sheria ya kwanza ya aina yake Marekani nzima: kila idara ya polisi yenye kikosi maalumu cha silaha iandike kila baada ya miezi sita kikosi kilitoka mara ngapi, kwenda wapi, kwa sababu gani, nani alikamatwa, na kama mtu au mnyama yeyote aliumizwa au kuuawa. Taarifa ya kwanza ilipotoka, Wamaryland wakagundua kwamba katika miezi sita tu vikosi hivyo vilikuwa vimetoka zaidi ya mara 800, yaani zaidi ya mara nne kwa siku, na nyingi za safari hizo zilikuwa za kupeleka hati za upekuzi tu. Polisi hawakuipenda sheria ile tangu mwanzo. Ilikuwa imewekewa muda, na muda wake ulipokwisha mwaka 2014 wabunge hawakuiongeza.